Matangazo Yaliyojificha na Vijana Wetu



Mtu akija katika soko la Chanika, mjini Handeni, akatandika turubai lake, akapanga chupa zake za dawa na kupaza sauti akisema, "Njooni mnunue," mtu huyo hajamdanganya yeyote kuhusu kazi yake. Kila apitaye ajua kwamba huyu ni mwuzaji, na kwamba ni desturi ya mwuzaji kuisifu bidhaa yake. Atakayenunua atanunua huku akiwa na hadhari yake.

Lakini tuseme kwamba kabla ya kutandika turubai lile, mwuzaji amempa mwenzake fedha kidogo, akamwambia ajichanganye na watu kana kwamba ni mpita njia. Watu wanapokusanyika, mwenzake anajitokeza na kusema, "Jamani, mimi nilikuwa siwezi kuinama hata kushika jembe. Dawa hii ndiyo iliyoniinua." Hapo jambo limebadilika kabisa. Dawa ni ile ile na bei ni ile ile. Lakini wasikilizaji wamenyang'anywa kitu kikubwa, nacho ni haki ya kujua ni nani anayesema nao, na kwa nini anasema. Waliweka hadhari mbele ya mwuzaji, wakaiondoa mbele ya mwenzao. Na huyo waliyemdhania kuwa mwenzao ndiye aliyewauza.

Somo letu la leo lahusu jambo hili, yaani tangazo la biashara lililovaa nguo ya rafiki, ya habari, ya ushauri au ya burudani, na jinsi linavyowapata vijana wetu wa Handeni, Korogwe na kwingineko. Twawaomba hasa ndugu walioingia katika dini karibuni, na wale ambao bado wanachunguza, walisome kwa makini, kwa kuwa mtu anayeitafuta kweli hana budi kwanza kujua kumpambanua shahidi na mchuuzi.

1. MAANA YAKE

Yafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba hatusemi kuwa kutangaza biashara ni dhambi. Mkulima wa Mkata akiweka machungwa yake kando ya barabara kuu ili abiria wayaone, ametangaza. Fundi cherehani wa Manundu akiandika kazi yake juu ya mlango wake, ametangaza. Hayo ni matangazo ya wazi, na hayana lawama maadamu yanayosemwa ni kweli.

Tangazo lililojificha ni lile ambalo limelipiwa, lakini huletwa kwa namna ambayo msikilizaji hawezi kujua kwamba limelipiwa. Alama zake ni tatu. Kwanza, kuna mtu anayefaidika kwa fedha. Pili, faida hiyo imefichwa. Tatu, lau ingefunuliwa, msikilizaji angeyapima maneno yale kwa mizani nyingine. Zikikutana alama hizi tatu, basi ujue kwamba hilo ni tangazo, hata likiitwa habari, ushuhuda, uchambuzi, wimbo au mzaha.

Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika zama hizi yatubidi tuongeze kwamba kibaya siku hizi hakijitembezi chenyewe tu, bali hukodi miguu ya watu wengine.

2. SI JAMBO JIPYA

Wengine hudhani kwamba hila hii ilizaliwa pamoja na simu za mkononi. Sivyo. Tutatoa mifano miwili.

Mwaka 1929, siku ya Pasaka, katika mji wa New York, wasichana kadhaa walionekana katika maandamano ya sikukuu wakivuta sigara hadharani, jambo ambalo wakati ule lilihesabiwa kuwa aibu kwa mwanamke. Magazeti yaliandika habari hiyo kana kwamba ni wanawake waliokuwa wakidai uhuru wao. Kumbe nyuma yake alikuwapo Edward Bernays, mtaalamu aliyekuwa akilipwa na kampuni ya American Tobacco, watengenezaji wa sigara za Lucky Strike. Kampuni ilitaka wanawake nao wanunue sigara. Basi tangazo likavishwa nguo ya uhuru, na magazeti yakalibeba kama habari.

Mfano wa pili watugusa zaidi. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu kuhusu biashara ya maziwa ya unga ya watoto katika nchi maskini. Miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa ni kwamba kampuni za maziwa ziliajiri wanawake waliovaa sare nyeupe mfano wa wauguzi, wakawaendea mama waliojifungua na kuwasifia maziwa ya kopo. Mama aliona sare, akaamini kwamba anasema na muuguzi. Maziwa yenyewe yalikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi yalizimuliwa mno, na maji hayakuwa safi. Watoto waliugua kuhara na kudhoofika, na wengi walikufa. Malalamiko hayo yaliendelea hata Mei 1981, ambapo Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha mwongozo wa kuzuia njia hizo za kuuza maziwa. Nchi 118 ziliunga mkono, na moja tu, Marekani, ikapinga.

Tazama, ndugu msomaji, sare nyeupe ilifanya kazi gani! Lau wanawake wale wangevaa nguo zenye jina la kampuni, mama angeuliza maswali. Madhara hayakuletwa na kopo peke yake, bali pia na vazi lililomnyang'anya mama hadhari yake.

3. LINAVYOINGIA HANDENI NA KOROGWE

Wazee wetu wakumbuka kwamba zamani Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Idhaa ya Taifa, na kando yake ilikuwa na Idhaa ya Biashara. Jina lenyewe lilimwonya msikilizaji. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, redio na televisheni za watu binafsi zilianza, na kuanzia mwaka 1994 matangazo ya biashara yakaongezeka sana. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa yalibaki na mpaka wake: kipindi kilisimama, tangazo likaja, kisha kipindi kikaendelea. Simu yenye intaneti ndiyo iliyouvunja mpaka huo. Leo kijana wa Kabuku, wa Mombo au wa kijiji kilicho mbali na lami anaweza kupokea tangazo saa yoyote, mkononi mwake, peke yake, na bila mzazi wala mwalimu kulisikia.

Njia ambazo tangazo hilo hupita ni nyingi, nasi tutazitaja nne.

(a) Kupitia mpira. Hapana kijana wa Korogwe asiyejua habari za Simba na Yanga. Mwaka 2017 kampuni ya kubashiri matokeo, SportPesa, ilizidhamini klabu zote mbili, na mwaka 2022 Simba iliingia mkataba na kampuni nyingine ya kazi hiyo hiyo, M-Bet. Jina la kampuni huandikwa kifuani mwa jezi. Mtoto wa darasa la nne akinunuliwa jezi ya timu yake, hakusudii kutangaza kamari. Yeye aipenda timu. Lakini kifua chake kimekuwa ubao wa tangazo la mchezo ambao sheria yenyewe yamkataza kuucheza mpaka afikishe miaka 18. Aidha, kijana asikilizapo mazungumzo ya mpira, mara nyingi hawezi kujua ni wapi uchambuzi umekoma na wapi kishawishi cha kuweka mkeka kimeanza. Mtu anayemwambia timu gani itashinda leo huenda ndiye yule yule anayelipwa ili yeye abashiri.

(b) Kupitia watu maarufu. Msanii au mchekeshaji mwenye wafuasi wengi katika Instagram au TikTok huonyesha mafuta ya ngozi, dawa ya kunenepesha au ya kukondesha, akisema kwamba yeye mwenyewe hutumia. Msichana wa shule humwona kama dada yake mkubwa. Hamwambii kwamba amelipwa. Hamwambii pia kwamba baadhi ya vipodozi vya kujichubua vina zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo Tanzania imevipiga marufuku katika vipodozi kwa sababu ya madhara yake katika ngozi na viungo vya ndani ya mwili.

(c) Kupitia ahadi ya kazi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukosa ajira hupelekewa ujumbe na rafiki yake: "Kuna fursa, njoo usikilize." Hauitwi mwito wa biashara, bali huitwa semina, mafunzo au usaili. Mwanzoni mwa mwaka 2025 polisi walikamata watu katika mikoa kadhaa ya Tanzania kwa kuendesha upatu wa mtandaoni uliojulikana kwa jina la LBL. Watu walikuwa wametoa fedha zao kwa kuahidiwa malipo ya kutazama matangazo ya filamu katika simu, na kuahidiwa zaidi endapo wangewaleta wengine. Tazama hila ilivyopinduka hapa: kutazama matangazo kuliitwa kazi, na mwenye kudanganywa akafanywa kuwa mwenye kudanganya, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaita ndugu zake.

(d) Kupitia majirani. Njia hii ndiyo iliyo kimya kuliko zote. Kijana hupewa fulana, kofia, au fedha kidogo ya vocha, akaambiwa aandike katika kundi la WhatsApp la mtaa au la wanafunzi aliosoma nao kwamba bidhaa fulani imemfaa. Katika kundi lile yeye si kampuni. Yeye ni mtoto wa fulani. Maneno yake hupokewa kwa uzito wa ujirani. Ujirani huo ndio uliouzwa.

4. KWA NINI VIJANA?

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini matangazo haya huwaelekea vijana zaidi? Sababu zake si ngumu kuzifahamu.

Kwanza, umri. Mwaka 2004 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilichunguza jambo hili na kueleza kwamba watoto walio chini ya miaka minane kwa kawaida hawana uwezo wa kutambua kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wao hulipokea kama maelezo ya kweli.

Pili, hata walio wakubwa zaidi hukosea. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha wanafunzi wa shule za kati ukurasa wa mtandao wenye habari na matangazo. Zaidi ya asilimia 80 yao walidhani kwamba tangazo lililoandikwa kwa mtindo wa habari ni habari ya kweli, ingawa liliandikwa juu yake kwamba limedhaminiwa. Ikiwa alama iliyoandikwa haikuonekana, itakuwaje pale ambapo alama haipo kabisa?

Tatu, tabia ya ujana yenyewe. Kijana hutafuta mfano wa kuufuata. Hupenda kuwa kama wenzake na huogopa kuachwa nyuma. Mwenye kutangaza kwa siri haimshughulishi sana akili ya kijana. Huishughulisha hofu hiyo. Humwambia kwamba wenzako wote wanayo, wenzako wote wanajua, wewe peke yako ndiye uliyebaki.

Nne, uhaba wa kazi. Katika wilaya ambazo wengi hutegemea mahindi, mkonge, machungwa na mvua isiyotabirika, ahadi ya fedha ya haraka haihitaji hoja nyingi ili iaminiwe. Njaa ya mtu humtetea anayemdanganya.

5. DINI YASEMAJE?

Hapa ndipo moyo wa somo letu ulipo. Huenda ukadhani kwamba dini haiwezi kuwa na neno juu ya mambo haya mapya. Lakini dini haishughuliki na chombo. Hushughulika na tendo. Na tendo hili lina jina la zamani.

Katika Hadithi sahihi imesimuliwa kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alikataza najash. Neno hili lina maana ya mtu kujitia katika mnada akipandisha bei au kuisifu bidhaa, hali yeye hana nia ya kununua, ila ataka wengine wavutike wanunue. Zingatia vema! Makosa ya mwenye najash hayako katika kusema bei. Mnunuzi yeyote huweza kutaja bei. Makosa yake ni kwamba alijionyesha kuwa mnunuzi kama wengine, naye si mnunuzi. Ameuza sura yake. Basi msanii anayelipwa kwa siri ili ajionyeshe kuwa mtumiaji, na kijana anayeandika katika kundi la mtaa ushuhuda alioandikiwa na kampuni, wana tofauti gani na mtu yule wa mnadani? Soko limehamia katika simu, lakini najash ni ile ile.

Vile vile imesimuliwa kwamba Mtume s.a.w. alipita sokoni mbele ya lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani yake, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomwuliza mwenye nafaka, akaambiwa kwamba ilipatwa na mvua. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, ili watu waione, na akaeleza kwamba mwenye kudanganya si mwenzake. Wakulima wa Handeni walielewa fundisho hili kabla sijalieleza, kwa kuwa wanajua gunia la mahindi lililokauka juu na kuoza katikati. Ukweli kwamba tangazo limelipiwa ndio nafaka iliyolowa. Mwenye haki huiweka juu. Mwenye hila huifukia chini.

Kurani Tukufu nayo, katika Sura Al-Mutaffifin, yawaonya vikali wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia watu hupunguza. Fikiri juu ya biashara ya maneno. Msemaji aliyelipwa kwa siri huchukua kutoka kwa wasikilizaji wake imani iliyo kamili, kisha huwapimia ukweli uliopungua. Kipimo hicho hakionekani kwa macho, lakini ni kipimo.

Tena katika Sura Al-Hujurat waamini wameamrishwa kwamba wakijiwa na habari na mtu asiyeaminika, waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu bila kujua, kisha wakajuta. Amri hii haimhusu msemaji tu, bali yamhusu msikilizaji pia. Kwa hiyo mwenye kusambaza kila kinachomfikia katika simu yake hawezi kujitetea akisema, "Mimi nilitumiwa tu."

Na kuhusu kamari, Kurani Tukufu imeitaja pamoja na ulevi, na imeeleza kwamba hasara yake yapita faida yake. Tangazo la kamari laonyesha mshindi mmoja akipokea hundi kubwa. Haliwaonyeshi walioshindwa, ambao kwa fedha zao hundi ile imeandikwa. Huko nako ni kuweka nafaka kavu juu.

6. SHERIA ZA SERIKALI

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la watu wa dini peke yao. Serikali mbalimbali zimeona madhara yake.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, yakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kuhadaa watu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka huo huo yawazuia walio chini ya miaka 18 kushiriki michezo hiyo. Ufaransa ilitunga mwaka 2023 sheria maalumu kuhusu watu wanaotumia umaarufu wao wa mtandaoni kutangaza bidhaa, ikiwataka waseme wazi kwamba hilo ni tangazo. Na mwezi Oktoba 2022, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilitangaza kwamba Kim Kardashian, mtu mwenye wafuasi wengi mno duniani, amekubali kulipa dola milioni 1.26. Sababu yake ni kwamba aliwasifia wafuasi wake sarafu ya kidijitali iitwayo EthereumMax bila kuwaeleza kwamba alilipwa dola 250,000 kwa kazi hiyo.

Lakini sheria ina mkono mfupi. Haiwezi kuingia katika kila kundi la WhatsApp la Kilole au la Sindeni. Pale mkono wa sheria unapokoma, dhamiri ndiyo inayobaki kuwa askari.

7. HOJA ZA WAPINZANI NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza: Kijana hana kazi. Akilipwa kidogo kwa kuisifu sabuni, kuna ubaya gani?

Jibu: Auze, na alipwe, wala hapana anayemzuia. Lakini aseme: "Mimi nimelipwa kuitangaza sabuni hii." Maneno hayo ni machache mno. Ikiwa biashara yenyewe itakufa kwa sababu ya kuyasema, basi ni dhahiri kwamba haikuwa ikiuza sabuni, bali ilikuwa ikiuza uongo. Zaidi ya hayo, kijana ajue anachotoa. Fedha ya vocha huisha kwa siku moja. Lakini siku majirani watakapogundua kwamba ushuhuda wake hununuliwa, hawatamwamini hata atakaposema kweli, na jina jema lililopotea halipatikani dukani.

Hoja ya pili: Siku hizi kila mtu ajua kwamba hayo ni matangazo.

Jibu: Lau kila mtu angejua, wenye kutangaza wasingekuwa na haja ya kuficha. Mtu hafungi gunia ili afiche mbuzi aliyekwisha kuonekana na watu wote. Kule kuficha kwenyewe ni ushahidi kwamba wako wasiojua, na kwamba hao ndio wanaotafutwa.

Hoja ya tatu: Nanyi wenye magazeti ya dini mnatangaza dini yenu. Mnatofautiana nini nao?

Jibu: Hoja hii ni ya haki, nasi twaipokea. Kweli, gazeti hili laeneza mafundisho ya dini. Lakini jina lake limeandikwa juu yake na makusudi yake hayakufichwa. Anayelishika ajua ameshika nini. Ewe unayechunguza, tupime kwa kipimo hicho hicho. Yeyote akikujia kwa ajili ya dini yoyote, akaficha yeye ni nani au akakuahidi kazi, ada ya shule au dawa ili uingie, basi amekufanyia najash, hata kama maneno yake ni mazuri. Dini iliyo ya kweli haihitaji kumtongoza mtu gizani. Humwambia wazi: Haya ndiyo tuyaaminiyo, na hizi ndizo hoja zake; chunguza, kisha uamue.

8. TUFANYE NINI?

Kwa kijana. Jizoeze maswali matatu kila uonapo kitu kikisifiwa. Ni nani anayesema? Nani anamlipa? Ni kitu gani hakukisema? Usiharakishe kununua siku ile ile. Subiri kwa siku chache, ukamwulize mtu asiyepata faida yoyote. Ukiitwa katika "fursa" isiyotaka kukuambia kazi yake ni nini mpaka ufike, au inayokutaka utoe fedha kwanza na ulete watu wengine, usiende. Na ukitakiwa wewe kuwa ulimi wa biashara, kubali kwa masharti ya uwazi, au kataa.

Kwa mzazi. Kumnyang'anya mtoto simu si dawa ya kudumu. Keti naye, tazameni pamoja kile anachokitazama, umwulize, "Unadhani huyu amelipwa?" Mtoto aliyejifunza kuuliza swali hilo nyumbani atakwenda nalo popote. Na wewe mwenyewe, usimtume mtoto kuwaambia wadai kwamba haupo, kwa kuwa huko ndiko anakojifunza kwa mara ya kwanza kwamba ulimi waweza kuazimwa kwa ajili ya uongo.

Kwa mwalimu, wa shule au wa madrasa. Korogwe ni mji wa shule na chuo cha ualimu, na walimu wanaotoka humo hufundisha nchi nzima. Lifanyeni jambo hili kuwa zoezi la darasani. Leteni tangazo moja la wazi na moja lililojificha, wanafunzi wataje alama tatu tulizozieleza mwanzoni.

Kwa mfanyabiashara. Kumbuka kwamba kabla ya kupewa utume, Mtume Muhammad s.a.w. alifanya biashara, na watu wa Makka walimwita Al-Amin, yaani Mwaminifu. Jina hilo hakulinunua kwa tangazo. Alipewa na watu waliouziana naye na kukaa naye. Imesimuliwa pia kwamba mwuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha hali ya kitu, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka huondolewa. Mteja unayempata kwa hila utalazimika kumtafutia hila nyingine kesho. Uliyempata kwa ukweli atakuletea ndugu zake bila kulipwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja alama tatu za tangazo lililojificha, na utoe mfano mmoja kutoka mahali unapoishi.

2. Najash ni nini, na kwa nini mtu aliyelipwa kwa siri ahesabiwe kuwa mwenye kuifanya?

3. Katika juma lililopita, ni ujumbe gani uliosambaza kwa wengine bila kujua ulitoka wapi na nani alifaidika?

Swali la tatu ndilo lililo gumu, kwa sababu lamhusu kila mmoja wetu. Vijana wa Handeni na Korogwe hawatahifadhika kwa kufichwa wasione matangazo, kwa kuwa hilo haliwezekani tena. Watahifadhika ikiwa watakua miongoni mwa watu ambao neno lao halina bei, hata wakisikia neno lenye bei walitambue mara moja kwa ugeni wake.

Mwenyezi Mungu atujalie ndimi za kweli na macho ya kuona. Amin.